Ala za Kielektroni na Mkono wa Mpigaji

Mpigaji wa zeze anapovuta upinde juu ya uzi, sauti huzaliwa mahali palepale mkono unapofanya kazi. Upinde huushika uzi na kuuachia mara nyingi katika kila sekunde, uzi hutetemeka, kibuyu hupokea mtetemo huo na kuukuza, na hewa huuchukua hadi masikioni mwa wasikilizaji. Mpigaji akikandamiza mno, sauti hukwaruza. Akienda haraka, sauti huwa kubwa. Hakuna fundi aliyekaa akaamua kwamba mambo yawe hivyo. Kanuni za maumbile ndizo zilizofunga mkono na sauti pamoja, na mchongaji wa zeze huzifuata tu, ijapokuwa kwa ustadi mkubwa.

Katika ala ya kielektroni uhusiano huo umekatika. Mtetemo huzalishwa na saketi ya umeme, nguvu zake hutoka katika betri au waya wa umeme wala si mkononi, na spika yaweza kuwa pembe nyingine ya ukumbi. Mkono wa mpigaji hautengenezi sauti; hutoa amri tu. Lakini amri ipi ilete sauti ipi? Kusogeza kidole upande wa kulia kunaweza kupandisha sauti, kuishusha, kuikuza, au kusilete jambo lolote. Maumbile hayasemi neno juu ya hilo. Hapana budi mtu aamue, na uamuzi wake ndio utakaoamua pia ni muziki gani utakaoweza kupigwa kwa ala hiyo. Historia ya ala za kielektroni, iliyokwisha kupita miaka mia moja, ni kwa sehemu kubwa historia ya maamuzi hayo.

Ala isiyoguswa

Mnamo 1920 mwanafizikia kijana wa Kirusi, Lev Termen (1896–1993), alikuwa akifanya kazi katika taasisi ya fizikia mjini Petrograd chini ya uongozi wa Abram Ioffe. Alikuwa ameunda kifaa cha kupima tabia za umeme za gesi, na badiliko lolote katika kipimo lilisikika kama badiliko la mlio. Akatambua kwamba kifaa kilipima si gesi peke yake, bali hata mkono wake mwenyewe: alipousogeza karibu, mlio ulipanda, alipouondoa, ulishuka. Wengi wangeliona jambo hilo kuwa kero tu na kulitafutia kinga. Termen alikuwa amejifunza kupiga sello, na akaona ndani yake ala ya muziki. Mwaka 1922 alimwonyesha Lenin ala hiyo; mwishoni mwa 1927 alikwenda Marekani, na mwaka uliofuata akapata hataza yake huko. Ala hiyo ikaitwa theremini, kwa jina lake lilivyozoeleka katika nchi za Magharibi.

Namna theremini inavyofanya kazi yafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ni fizikia ileile inayofundishwa katika shule za sekondari. Saketi yenye koili na kapasita hutetemeka kwa marudio yake yenyewe, yaani idadi maalumu ya mitetemo katika sekunde, ambayo huhesabiwa kwa hezi. Marudio hayo hufuata kanuni f = 1/(2π√LC), ambapo L ni kipimo cha koili na C ni uwezo wa kapasita wa kuhifadhi chaji. Mwili wa binadamu hupitisha umeme. Kwa hiyo mkono unapokaribia antena ya metali, mkono na antena huwa kapasita ndogo, na C ya saketi huongezeka kidogo. C ikiongezeka, f hupungua.

Hapa pana tatizo. Uwezo unaoongezwa na mkono ni mdogo mno. Mathalani uongeze C kwa sehemu 3 katika kila 1,000. Kwa kuwa f hutegemea kipeuo cha pili cha C, marudio yatapungua kwa takriban nusu ya kiasi hicho, yaani sehemu 1.5 katika 1,000. Saketi inayotetemeka mara 450 kwa sekunde ingeshuka kwa hezi 0.7 hivi tu, badiliko ambalo sikio la kawaida halilitambui. Termen alitumia njia ya mzunguko ambayo mafundi wa redio walikuwa wameshaijua. Alitumia saketi mbili zenye mtetemo wa haraka mno usiosikika, kila moja, tuseme, ya hezi 300,000. Moja haibadiliki, nyingine imeunganishwa na antena. Mkono uleule ukikaribia, saketi ya pili itashuka kwa sehemu 1.5 katika 1,000, yaani kwa hezi 450, iwe 299,550. Mitetemo hiyo miwili ikichanganywa, tofauti yao hujitokeza kama mtetemo wa tatu wa hezi 450, nao husikika wazi katika spika: ni noti iliyo juu kidogo ya LA ambayo wanamuziki huitumia kulinganishia ala zao. Badiliko lisilosikika limegeuzwa kuwa wimbo.

Mpigaji wa theremini husimama mbele ya kisanduku. Mkono wa kulia husogea mbele ya antena iliyosimama wima na kupandisha au kushusha kimo cha sauti. Mkono wa kushoto huwa juu ya antena nyingine iliyopindwa kama kitanzi: ukishuka, sauti hufifia, ukiinuka, huwa kubwa. Hakuna kinachoguswa.

Mtazamaji huona jambo hilo kama uchawi, na kampuni ya RCA ya Marekani, iliyotengeneza theremini 500 hivi katika miaka ya 1929 na 1930, ilitangaza kwamba kila mtu angeweza kuipiga bila taabu. Biashara haikufanikiwa. Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulichangia, lakini sababu nyingine ilikuwa ndani ya ala yenyewe. Mpigaji wa fidla huhisi ubao na uzi chini ya vidole. Mpigaji wa theremini hana pa kuegemea. Noti zimo hewani bila alama, tena hazikupangwa kwa umbali ulio sawa: karibu na antena husongamana, mbali nayo hutawanyika, na mafundi wa baadaye wamelazimika kuongeza koili maalumu ili kupunguza kasoro hiyo. Zaidi ya hayo, saketi haibagui mkono na kiwiliwili. Mpigaji akiinama, wimbo huharibika.

Aliyeishinda ala hiyo ni Clara Rockmore (1911–1998), mpigaji fidla mzaliwa wa Vilnius aliyelazimika kuiacha fidla kwa sababu ya maumivu ya mkono. Alibuni namna ya kufungua na kukunja vidole hewani kwa hatua zilizopimwa, hata akaweza kutoka noti moja hadi nyingine bila kuburuta sauti baina yake. Naye hakujifunza tu, bali alidai. Kwa maombi yake Termen alimtengenezea theremini yenye oktavi tano badala ya tatu, na yenye mkono wa kushoto unaoitika haraka zaidi, ili noti ziweze kukatwa waziwazi. Hili halina budi kuzingatiwa na kila anayebuni ala: fundi alikuwa ametoa mlio, lakini mpigaji ndiye aliyeonyesha ulipopungua.

Mfuko wa ngozi wa Martenot

Nchini Ufaransa, Maurice Martenot alianza na mbinu ileile ya tofauti ya mitetemo miwili, kwani alikuwa amefanya kazi ya simu za upepo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Lakini yeye pia alikuwa mpigaji sello, na alipoonyesha ala yake mjini Paris mwaka 1928, alikuwa amejali jambo ambalo Termen aliliacha: vidole vinahitaji kitu cha kuhisi. Katika ondi za Martenot, mkono wa kulia huvaa pete iliyofungwa kwenye utepe na kuiburuta mbele ya mchoro wa kinanda, hivyo mpigaji huona na kuhisi alipo. Kinanda chenyewe, kilichoongezwa baadaye, kimewekwa kwa namna ambayo vibao vyake huweza kutikiswa kidogo kwa upande, na kidole kikitikisika, noti nayo hutikisika kama ya fidla.

Ajabu kubwa imo katika mkono wa kushoto. Chini ya kitufe kimoja Martenot aliweka mfuko mdogo wa ngozi uliojaa unga unaopitisha umeme kwa kiasi. Mfuko ukikandamizwa, chembe za unga hubanana, ukinzani hupungua, na sauti hukua. Kidole huhisi ngozi ikisukuma nyuma. Mpigaji aweza kuanza noti kwa upole kama pumzi au kwa kishindo kama pigo la ngoma, na kati ya miisho hiyo miwili hakuna ngazi zinazohesabika. Si ajabu kwamba watunzi waliiandikia ala hii kazi nzito. Olivier Messiaen aliipa nafasi ya mbele katika simfoni yake ya Turangalîla, iliyopigwa kwa mara ya kwanza mjini Boston mwaka 1949, na Konsavatuari ya Paris imekuwa ikifundisha ala hiyo tangu 1947. Mfuko wa unga, kitu rahisi kabisa, uliufunga mkono na sauti vizuri kuliko vifaa vingi vya gharama vilivyokuja baada yake.

Kinanda chatawala

Baada ya transista kuenea, mhandisi wa Marekani Robert Moog, ambaye tangu ujana wake alikuwa akiunda theremini, alitengeneza mwaka 1964 mtambo wa kuzalisha sauti unaotawaliwa kwa volti. Kila volti moja iliyoongezwa hupandisha sauti kwa oktavi moja. Na kwa kuwa oktavi ya piano ina hatua 12, kila hatua huwa sawa na sehemu moja ya kumi na mbili ya volti. Chochote kinachoweza kutoa volti chaweza basi kuamuru sauti: utepe, swichi, mwanga unaoangukia seli. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

Hata hivyo wanunuzi wengi walitaka kinanda cha piano, nacho ndicho walichopewa. Don Buchla wa California, aliyekuwa akiunda mitambo kama hiyo katika miaka hiyohiyo, alikikwepa kinanda kwa makusudi na kuweka vibao vya metali vya kuguswa. Alihofia kuwa mtu akiwekewa kinanda atapiga yaleyale aliyoyapiga juu ya piano. Hofu yake ilikuwa na msingi, ingawa soko halikumsikiliza. Na kinanda cha mitambo hiyo ya awali kilikuwa maskini kuliko cha piano yenyewe: kilitoa noti moja tu kwa wakati, na kidole kikipiga kwa nguvu au kwa upole, matokeo yalikuwa yaleyale. Ndiyo maana katika ala iliyoitwa Minimoog, ya mwaka 1970, paliwekwa magurudumu mawili upande wa kushoto. Moja lilipinda noti juu na chini, likarudisha kiasi kidogo cha uhai ambao swichi za kinanda ziliuondoa.

Mwaka 1983 watengenezaji wa Marekani na Japani walikubaliana juu ya lugha moja ya ala za kielektroni, MIDI, ili kinanda cha kampuni moja kiweze kuamuru mtambo wa kampuni nyingine. Mapatano hayo yalikuwa na manufaa makubwa, na yanatumika hadi leo. Lakini kila lugha husema mambo fulani kwa urahisi na mengine kwa shida. MIDI hutuma tarakimu 31,250 za mfumo wa jozi kwa sekunde. Amri ya kuanzisha noti moja huhitaji 30 kati ya hizo, yaani karibu elfu moja ya sekunde. Noti hutajwa kwa namba, kuanzia 0 hadi 127, na nguvu ya pigo nayo kwa namba zisizozidi 127. Kwa maneno mengine, lugha hii huuona muziki wote kama vibao vya kinanda vinavyobonyezwa na kuachiwa.

Madhara ya mtazamo huo husikika hata katika pwani ya Afrika Mashariki. Taarabu ya Unguja, ambayo chama cha Ikhwani Safaa kimeipiga tangu 1905, ilikua juu ya udi, kanuni na fidla. Udi na fidla hazina vikato shingoni. Kidole hukaa popote sikio linapotaka. Katika makamu ya Rasti ya muziki wa Kiarabu, noti ya tatu haiangukii juu ya kibao chochote cha piano. Ngazi ikianzia kwenye DO ya hezi 261.6, piano hutoa ama hezi 311 ama hezi 330. Rasti hutaka noti iliyo kati yake, karibu na 320. Tangu miaka ya 1990 taarabu ya kisasa imeegemea sana vinanda vya umeme, na mpigaji anayeitaka noti hiyo hujikuta amefungiwa nje na uamuzi uliopitishwa mbali na kwao. Akitumia gurudumu la kupinda, noti zote za mkondo huo wa MIDI hupinda pamoja, hata zile zilizokuwa sawa. Baadhi ya watengenezaji waliongeza swichi za robo-noti kwa ajili ya soko la nchi za Kiarabu. Ufumbuzi mpana zaidi ulikubaliwa mwaka 2018, ambapo kila noti hupewa mkondo wake na kuweza kupindwa peke yake, na toleo la pili la MIDI lililotangazwa mwaka 2020 limepanua pia vipimo vyake. Miaka 35 si muda mfupi kwa kidole kusubiri.

Amri moja, au amri zilizosukwa?

Kompyuta ilipokuwa na kasi ya kutosha kuzalisha sauti papo hapo, swali la mwanzo lilirudi kwa nguvu mpya. Sasa kipima mwendo, kipima mkandamizo, kamera au kamba inayovutwa huweza kuunganishwa na sifa yoyote ya sauti kwa mistari michache ya programu. Njia inayomjia mbunifu kwanza ni kukipa kila kidhibiti kazi moja: hiki kimo, hiki ukubwa, hiki rangi ya sauti. Inaonekana kuwa safi na ya busara.

Andy Hunt na Ross Kirk wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, waliijaribu njia hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990. Watu walipewa sauti za kuiga kwa vidhibiti vya namna tofauti. Baadhi vilikuwa vibao vya kuteleza, kila kimoja na kazi yake. Kingine kiliunganisha kipanya cha kompyuta na vibao viwili kwa namna iliyosukwa: sifa moja ya sauti ilitegemea miendo kadhaa kwa pamoja, na mkono ukitulia sauti ilinyamaza. Katika majaribio mepesi, vibao vya kazi moja moja vilifaa. Sifa kadhaa za sauti zilipotakiwa kubadilika kwa wakati mmoja, kidhibiti kilichosukwa kilishinda, na waliokitumia waliendelea kuboreka kadiri walivyofanya mazoezi. Matokeo hayo hushangaza mwanzoni, lakini hayapaswi. Katika fidla ukubwa wa sauti hutegemea kasi ya upinde, mkandamizo wake na mahali ulipo juu ya uzi, yote kwa pamoja; na mwili wa binadamu umezoea kufanya kazi kwa namna hiyo tangu utoto. Mtu hafikirii kiwiko, kifundo na bega kimoja kimoja anapotwanga.

Jambo jingine ni kuchelewa. Wabunifu wengi wamekubali kuwa muda baina ya tendo na sauti usizidi sehemu 10 za elfu ya sekunde. Kwa muda huo sauti husafiri hewani mita 3.4, umbali wa mpiga ngoma na mwenzake jukwaani. Kibaya zaidi ya kuchelewa ni kuchelewa kusikolingana. Mpiga kinanda cha kanisa kubwa huzoea kusikia noti ikirudi baadaye, madhali hurudi kwa muda uleule kila mara. Ala inayoitika mara upesi, mara pole, haizoeleki.

Kisha kuna suala la kuacha kubadilisha. Michel Waisvisz (1949–2008) wa Amsterdam alionyesha mwaka 1984 ala aliyoiita Mikono: fremu mbili zilizovaliwa viganjani, zenye vitufe, swichi za zebaki za kutambua mwinamo, na mawimbi ya sauti isiyosikika ya kupima umbali baina ya mkono na mkono. Kwa ala ya programu, kurekebisha ni rahisi, na kishawishi cha kurekebisha hakiishi. Waisvisz alijizuia. Kwa miaka mingi aliiacha ala yake kama ilivyo, akafanya mazoezi. Tangu mwaka 2001, ulipofanyika mjini Seattle mkutano wa kwanza wa watafiti wa ala mpya, mamia ya ala yamebuniwa na kuonyeshwa. Nyingi zimepigwa mara chache kisha zikawekwa kabatini, na mara nyingi hata mbunifu mwenyewe hakuwa amekaa nayo muda wa kutosha kujua ubaya wake.

Jaribio la darasani

Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi mbinu ya Termen aweza kutumia redio tatu za zamani za masafa ya kati, zinazotumia betri na kutafuta stesheni kwa kuzungusha kifundo. Redio zenye waya wa umeme wa ukutani zisifunguliwe kamwe. Katika nyingi za redio hizi mna saketi ya mtetemo inayokwenda kilohezi 455 juu ya namba iliyochaguliwa. Redio ya kwanza iwekwe mahali patulivu, tuseme kilohezi 1,400. Ya pili na ya tatu ziwekwe karibu nayo, kila moja kwenye kilohezi 945 hivi, ili mitetemo ya ndani yao ifike 1,400. Kifundo cha mojawapo kikizungushwa polepole sana, mluzi utasikika katika redio ya kwanza: ndiyo ile tofauti ya mitetemo miwili. Kifuniko cha nyuma cha redio ya tatu kikifunguliwa na mkono ukasogezwa karibu na kapasita yake, mluzi utahama.

Mwanafunzi mmoja atafute kwa mkono wake noti tatu za mwanzo za wimbo anaoujua, azirudie mpaka azipate bila kubahatisha. Akishazipata, mwenzake apite nyuma ya meza, na darasa lisikilize ni kiasi gani noti zimesogea.